Kibao cha Farumi

Shangazi yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa kwenye korido, kati ya jikoni na choo. Chumba cha mbele, chenye dirisha na mwanga, kilikuwa cha mumewe. Mtaa mzima ulimwita Nahodha. Alipoacha kazi ya bahari alihamia nchi kavu na chombo chake chote: kamba zimeviringishwa pembeni, dira juu ya kabati, ramani ukutani, amri mdomoni. Akienda kulala, anatia nanga. Akitoka kwenda dukani, anang'oa nanga. Chai ikimwagika, mambo yameenda mrama. Wajukuu wakichelewa kuamka, aliwapigia kelele watweke tanga.

Shangazi alivumilia. Tena kulikuwa na neno moja alilolipenda. Tangu mwanzo wa ndoa Nahodha alimwita "farumi yangu". Alipouliza maana, aliambiwa ni kitu ambacho chombo hakisafiri salama bila hicho. Yeye, ambaye hakuwahi kukanyaga jahazi, akajua ni kito fulani. Akalitarizi neno hilo kwenye foronya. Wateja walipoongezeka akaandikisha kibao, "Farumi, Mshonaji wa Sare", akakipigilia juu ya mlango. Nahodha ndiye aliyemshikia ngazi.

Mchana mmoja alikuja mgeni, serahangi wa zamani wa Nahodha, yaani mkubwa wa mabaharia wake. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kupimwa gauni. Shangazi akaingia na sinia la chai.

"Huyu ndiye farumi yangu," Nahodha akasema, kifua mbele.

Serahangi akacheka hadi akapaliwa. "Na kibao nimekiona! Nikadhani ni utani wenu. Shemeji, unajua farumi ni nini?"

"Si kito?"

"Kito! Ni mawe, shemeji. Chombo kikiwa kitupu, tunajaza mawe chini ili kisipinduke."

"Na kikipata mzigo?"

Mgeni akaanza kukoroga chai ambayo hajaitia sukari. "Basi... mawe tunayatupa."

Shangazi aliweka sinia chini taratibu mno. Hakumtazama serahangi tena.

"Ulinishikia ngazi," alimwambia mumewe. "Ulisimama pale chini ukaniuliza kama kibao kimenyooka."

"Mke wangu, bila farumi chombo kinapinduka. Nilikusifu."

"Ulinisifu! Ukipata shehena unaondoka, ukiwa mtupu unanirudia. Homa za watoto nimekesha nazo peke yangu. Mama yako nimemwogesha mimi mpaka siku aliyofariki. Halafu mabaharia wako wananicheka mlangoni kwangu!"

"Usibishe mbele ya mgeni."

"Nitabisha! Si wewe unayetuhubiria kila siku kwamba upepo ukiwa wa mbele, chombo hakifiki bila kubisha, kuukata upepo upande huu na upande huu? Basi leo upepo ni wewe."

Serahangi akaaga bila kumaliza chai. Shangazi akatoka na nyundo, akapanda ngazi mwenyewe. Nahodha alipoikimbilia kuishika, alimwambia, "Ondoa mkono." Alikiondoa kile kibao kwa mapigo ambayo majirani waliyasikia. Kisha akarudi ndani akaanza kubeba: kamba, dira, ramani, vyote akavirundika kwenye korido. Akaniita nimsaidie kusukuma cherehani hadi dirishani. Alikuwa akilia, lakini ole wangu kama ningesema pole.

Kibao kipya kilikuwa na jina alilopewa na baba yake. Wateja wengine walipita moja kwa moja wakidhani duka limehama, na kila aliyeuliza lilikokwenda lile jina zuri la zamani alijibiwa kwa mkato. Nahodha alileta machungwa. Shangazi aliyala, akabaki na hasira zake. Binti yao alipiga simu kumsihi amsamehe baba. "Hasira ni zangu," akamjibu, "sijaziazima kwa mtu."

Nahodha akanyamaza. Nyumba ikawa ya ajabu bila amri. Siku moja alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, akabisha hodi, akamwita mkewe kwa jina. Alilitamka kama mtu anayeonja kitu cha moto.

"Unasemaje?"

"Nipe kazi."

Alimpa mashati ya watoto na kopo la vifungo. Nahodha, aliyekuwa ameshona matanga maisha yake yote, alikaa koridoni akavikaza vifungo kwa mishono minene ajabu. Shangazi akalinyanyua shati la kwanza, akalitazama kwenye mwanga.

"Hili ni la mtoto wa darasa la kwanza," alisema. "Atalifunguaje? Fumua."

Nahodha akafumua.