Kuku wa Karamu Alivyonigeukia Mimi

Kwiii.

Sauti ndogo tu, ya kile kioo cha mviringo kinachozunguka katikati ya meza ya chakula nyumbani kwa baba. Umeme ulikuwa umekatika, giza totoro, na mtu mmoja kati yetu alikuwa anakizungusha taratibu.

Taa zilipowaka, kuku alikuwa ananitazama mimi.

Jamani, msicheke kwanza.

Huku kwetu, mji wa Chiayi, mwisho wa mwaka matajiri huwafanyia wafanyakazi wao karamu, na kuku mzima wa kuchemsha lazima awepo mezani na kichwa chake. Zamani tajiri akitaka kukufukuza hakufungua mdomo. Alikuelekezea kichwa cha kuku. Unakula, unashukuru, na baada ya sikukuu usirudi kazini.

Siku hizi wengi wanamkata kichwa jikoni, yaishe. Lakini si baba yangu.

Baba alikuwa meneja wa jengo la maduka pale karibu na stesheni. Alianza ujanani kama mfungua milango, akipandisha yale mageti ya chuma alfajiri, akapanda mpaka ofisi ya juu kabisa. Kimbunga kikileta maji, alilala huko huko. Kwenye harusi yangu aliondoka kabla samaki hajaletwa, eti lifti imekwama na watu ndani.

Na kila karamu ya mwaka alisimama mbele ya wenye maduka wote, akamgeuza kuku amtazame yeye mwenyewe, akapaza sauti:

"Nimefukuzwa mimi! Nyie kuleni!"

Watu walimpenda hadi basi.

Mimi na kaka yangu Yungchi alituambia neno moja miaka yote. "Sina shamba, sina nyumba ya maana. Nitawaachia jengo. Yungchi ofisi, Shuyin kona."

Kona ndiyo maisha yangu. Iko chini ya ngazi za umeme: cherehani, pasi, na pazia la kubadilishia nguo. Nafupisha na kurefusha sare za shule. Jioni naenda darasani kusomea ubunifu wa mavazi, na mwanangu Ningning naenda naye, anasinzia juu ya begi la vitambaa. Mume wangu yuko kiwandani Taichung, tunamwona wikiendi. Nilishapanga kichwani: siku moja kona iwe duka, jina la Ningning juu ya mlango.

Mwaka huu baba akastaafu, kaka akakalia kiti. Karamu ikafanyika nyumbani, familia na wapangaji wachache wa zamani.

Jiko la supu na birika la umeme vikawashwa pamoja, swichi kuu ikakata. Kaka akatoka kwenda kuirudisha.

Kwiii. Taa. Kuku.

Shangazi Akim, mpangaji muuza soksi, ndiye aliyeanza kucheka.

"We Shuyin! Umepewa barua na kuku!"

"Labda anataka umfupishie suruali," akadakia mumewe.

Meza nzima ikavunjika mbavu. Na mimi nikacheka. Nikamgeukia baba, nikingoja amzungushe kama kawaida yake na kupiga yale makelele.

Baba akachota wali wa bata mzinga, akainamia bakuli. Kuku hakumgusa.

Kesho yake nafika kazini, nakuta vijana wawili wanapima kona yangu kwa futikamba.

"Samahani dada, hatukawii. Mashine za kunasa midoli, zile za mchezo wa sarafu, zinaingia hapa baada ya sikukuu."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipo."

Nikapanda ofisini kama nafukuzwa na mbwa.

"Kaka! Unanigeuzia kuku mbele za watu, hata kuniambia huniambii?"

Yungchi akasimama. "Mimi? Shuyin, mimi nilikuwa nje kwenye boksi la umeme. Ningezungushaje meza?"

Kweli. Tochi yake niliiona dirishani.

"Basi nani?"

Akakaa tena. Akaanza kuchezea kalamu.

"Nilidhani baba keshakuambia. Alisema atakuambia mwenyewe."

Mwenzenu nikashika ukingo wa meza.

Kumbe wenye jengo walitaka kuleta meneja kutoka nje. Baba akawabembeleza wamchukue Yungchi. Wakasema sawa, ila ile kona tunaitaka. Baba akaitoa, hata hajastaafu bado. Muda wote huo mimi nampelekea chakula cha mchana ofisini, anakula, ananiambia mchuzi umekolea.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakaa ukala kuku."

"Nikala," akasema kwa sauti ya chini.

Nilimkuta baba kibarazani anapangusa majani ya okidi zake. Hakugeuka.

"Baba, ni wewe?"

"Umeshakula?"

"Baba!"

Kitambaa kikasimama juu ya jani.

"Nilikosa pa kuanzia. Kila siku nikasema kesho. Umeme ulipokatika nikaona, labda utaelewa mwenyewe."

"Nilidhani ni utani! Nilicheka, Baba. Nilicheka pamoja nao!"

"Kaka yako ndiye atakayewasha ubani wa mababu. Ndiye mwenye jina la ukoo. Wewe umeolewa, una kwenu."

"Sasa kona uliniahidi ya nini?"

Hapo akarudi kwenye majani yake.

Kilichoniuma zaidi si mashine za midoli. Miaka yote alimgeuza kuku kwenye mwanga, watu wanapiga makofi, kwa sababu ulikuwa mchezo. Siku ilipokuwa kweli akangoja giza.

Siku ya pili ya mwaka mpya, kwa mila yetu, mabinti walioolewa hurudi kwa wazazi wao na waume na watoto. Mimi sikwenda. Mume wangu alinisaidia kuhamisha cherehani mpaka dirishani nyumbani kwetu, chumba cha chini kinachotazama barabara, nikatundika sare moja ionekane. Akina mama wawili wa darasani kwangu wameshaleta za watoto wao. Ni mwanzo.

Wapendwa mnaosoma, kama una neno zito kwa mtu wako, mwambie kwa kinywa chako, mkiwa mmetazamana. Atalia, atakununia, lakini atajua bado unamhesabu kuwa mtu. Na wewe uliyeahidiwa kitu na mzazi, shukuru, ila endelea kusoma na kujijenga kwa mikono yako. Mimi nimejua hilo nikiwa na mtoto pembeni, na bado nina tumaini.

Jioni ya siku ile ya pili ya mwaka, mlango uligongwa. Mume wangu alikuwa bafuni, Ningning akakimbia kufungua.

Alikuwa baba. Amekuja mwenyewe, koti la ofisini, mfuko wa machungwa mkononi. Nilimsikia anakohoa.

"Baridi imepungua," akasema. "Mmeshakula?"

Nilimwona kwenye kioo cha dirisha tu, sikugeuka. Niliendelea kukanyaga cherehani, uzi umeshakatika zamani.

Ningning akamtazama juu mpaka chini, kisha akasema kwa sauti, mtaa mzima usikie:

"Babu, ulimliza mama."