Ubani Katika Chumba cha Chipu

Mimi Haula nauza vitumbua mbele ya geti la fábrica, kiwanda chetu kipya, asubuhi mpaka jua likae sawa, kwa hiyo msije kunisimulia habari za Saquina mlizookota sokoni. Sokoni wanasema alitaka kumroga engenheiro, mhandisi wa kiwanda. Loo! Ulimi hauna mfupa. Mimi nilikuwapo, na nitasema nilivyoona.

Saquina ni jirani yangu, mshona kofia. Siku vita vilipoingia hapa Mocímboa alikimbilia pwani na mwanawe Zuleica mgongoni. Mumewe, Abdulcarimo, watu walimwona akiingia kujificha kwenye ghala la zamani la korosho. Hakuna aliyemwona akitoka. Tuliporudi tulikuta ghala limeungua, na ndani hamkuwa na mtu wa kuzikwa. Tangu hapo mwenzangu yule si mke, si mjane. Shemeji yake Aly, aliyehamia Nampula na ndiye aliyempokea yeye na mtoto wakati wa vita, alikataa katakata kusoma hitima. Maiti ya kaka yangu sijaiona, alisema, na aliye hai hasomewi.

Aly huyo huyo ndiye aliyebaki na mtoto. Saquina alipokata shauri kurudi kwao, Aly alimwambia aende salama, lakini Zuleica habanduki Nampula mpaka mama yake apate kazi ya kueleweka. Sitaki kumsema vibaya, mtoto alimlisha na alimsomesha. Lakini kila Ijumaa Saquina alipopiga simu, mtoto alimuuliza atamchukua lini, na kila Ijumaa nilimwona jirani yangu akikaa kizingitini simu ikiwa imeshakatika bado ameishika sikioni.

Basi serikali ikaja na jambo lake. Ati Msumbiji nayo iwe na kiwanda chake cha chipu, vile vidude vyeusi vilivyomo ndani ya simu, ambavyo ndivyo akili yake. Mimi nilicheka. Ahadi za serikali nimezizoea, nyingi huishia kwenye kibao cha barabarani, kibao chenyewe kikaangukia mbuzi. Lakini safari hii mafundi walikuja kweli. Akaja pia engenheiro Clésio, kijana wa Inhambane, mpole, anayekula vitumbua vinne kabla hajasema bom dia. Alitueleza hapa hapa kwenye benchi langu kwamba nchi itaanza na kazi ya mwisho, ya kuunga nyuzi za dhahabu kwenye chipu, nyembamba kuliko unywele, na kuzifunika. Serikali italeta mashine na italipa mishahara mpaka wanunuzi wapatikane. Nikamwambia madini tumeyaona yakiondoka miaka mingi, na yakirudi ni simu tunazouziwa, kwa hiyo kama ni kweli, heri. Akasema ni kweli, ila tume ya Maputo lazima ije ikague chumba. Kikifaulu, wanawake waliofundishwa wanapewa kazi. Kisipofaulu, mashine zinahamishiwa Nacala.

Na chumba chenyewe walikijenga wapi? Ndani ya ghala lile lile la korosho. Paa jipya, kuta ndani ya kuta, rangi nyeupe mpaka macho yanauma. Hakuna aliyewaambia. Nani angewaambia? Tungefungua mdomo wangetuuliza maiti iko wapi.

Saquina alichaguliwa. Mtu aliyezoea kutoboa matundu ya kofia hababaishwi na uzi. Alifundishwa pamoja na wenziwe kuvaa nguo nyeupe gubigubi, kofia ya kufunika nywele, barakoa, kubaki macho tu. Msiro, ule urembo wetu mweupe wa kupaka usoni, marufuku, manukato marufuku, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikiangukia chipu, imekufa. Haya yote aliyajua, wala asiwaambie mtu kwamba hakuyajua. Alikuwa akija kwangu jioni akinieleza huku akikunja vidole kwa furaha, na Zuleica alishaambiwa afungashe nguo.

Siku ya ukaguzi zamu ya usafi ilikuwa yake. Aliingia alfajiri, peke yake. Mimi nilikuwa nawasha moto nikamwona anapita na kapu lililofunikwa kanga, nikadhani ni chakula. Kumbe ni chetezo. Kwetu hapa nyumba mpya haikaliwi kabla ya kufukizwa na kusomewa, hata kibanda cha kuku watu wanakitia ubani, sembuse pale. Alijua tume ikishapita, chumba hakitaingiwa tena ila kwa masharti. Akakaa chini katikati ya mashine, akatia ubani kwenye makaa, akamsomea mumewe Yasini yote. Kwetu moshi wa ubani ni usafi. Alidhani mitambo ya hewa itauvuta, wageni wasikute hata harufu.

Wageni walifika. Kile kipimo chao cha vumbi kilipowashwa kililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Wakakizima, wakakiwasha, kikalia. Tume ikatoka nje na nyuso zimekunjamana, wanawake wakapangwa uani, na Clésio, jasho linamtoka, akauliza nani ameingiza moto ndani. Wote walishainusa harufu, na wote walijua, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Mkubwa wa tume akasema kama hakuna mwenye kosa basi wote wana kosa, na mashine zitakwenda Nacala.

Hapo Saquina akavua barakoa. "Ni mimi," alisema. "Mume wangu aliingia humu siku ya vita na hakutoka. Sikuweza kushona juu yake bila kumsomea. Wenzangu hawakujua, wao waacheni."

Yule mkubwa aliinamisha kichwa, akatoa miwani akaifuta, wala haikuwa na uchafu. Halafu wakakaa kikao. Chumba kilipewa nafasi ya pili, kikabadilishwa vichujio vya hewa, na wiki kadhaa baadaye kikafaulu, alhamdulillahi. Wanawake wale wanafanya kazi mpaka leo. Saquina aliondolewa. Clésio alikuja mwenyewe nyumbani kwake kumwambia, akasema sheria ya chumba haina namna. Nilimtolea maneno siwezi kuyarudia hapa. Saquina akaninyamazisha, akampa maji ya kunywa.

Kazi ngumu ilikuwa Ijumaa. Alikuja kwangu kupiga simu ili asiwe peke yake. Hakumpa Aly maneno ya kuzunguka. Alimwambia kazi ameikosa, na ameikosa kwa sababu amemsomea Abdulcarimo, jambo ambalo yeye Aly alilikataza. Akangoja matusi. Mimi nilishajiandaa kuinyakua simu nijibu.

Kisha nikasikia sauti ya Aly, nyembamba, si ile yake. "Ulimsomea mle mle alimoingia?"

"Mle mle, shemeji."

Mwanamume yule akalia. Alilia kwenye simu kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, na kwake ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Miaka yote alikuwa anamshikilia kaka yake hai, peke yake, na alimshikilia mtoto kwa sababu ndicho kipande cha kaka kilichobaki. Mimi niliyekuwa namsema kila siku, wallahi, nilimhurumia.

Hakutuma mtu. Alimleta Zuleica mwenyewe, safari yote hiyo ya barabara mbovu. Msichana amekuwa mrefu, Saquina alimkumbatia akawa anamshikashika mabega kana kwamba anampima kanzu. Hawakwenda nyumbani kwanza. Walikuja hapa getini. Mlinzi akasema ndani hakuingiliki, Aly akajibu hataki kuingia. Akamsimamisha mtoto mbele ya uzio, akamwambia, "Baba yako yumo humu. Msomee."

Zuleica akafungua viganja, akaanza Fatiha. Wanawake walikuwa wanatoka zamu, wangali na nguo zao nyeupe. Walisimama upande wao wa uzio, nao wakainua mikono.