Mlango wa Bibi Ulikuwa na Waya Tatu

Juzi nimerudi Kasongo kutoka Salamabila, vumbi la pikipiki limenijaa hadi ndevu zikawa na uzito wa tofali, na moja kwa moja nikaenda kusimama mbele ya mlango wa bibi. Rafiki yangu, mlango ule mimi niliwahi kuujenga upya, bila msumari hata mmoja.

Nikiwa shuleni, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kompyuta ya kubeba, na ndani yake kichezeo cha kutengenezea michezo. Huandiki kitu, unaunganisha visanduku kwa waya kwenye kioo. Kisanduku cha ET, yaani "na" kwa Kifaransa, kilingoja waya zake zote ziwake. Cha OU, yaani "au", kilitosheka na moja. Kichezeo hicho nilikipenda kuliko samaki wa Nyangwe. Shida, saa za kichezeo ndizo zilikuwa saa za kutwanga sombe, majani ya muhogo. Bibi akakata shauri: "Lete hiyo mashine niione. Kama iko upuuzi, leo mwisho."

Mwalimu akaja nayo jioni, bateri imebaki kidogo, na mtaa mzima hakuna courant, umeme umekatika. Uani kulinukia mawese. Nilikuwa nimechora nyumba yetu na mgeni kwenye kioo: kitufe kimoja mgeni anabisha hodi, kingine bibi anajibu karibu. Mgeni akabisha. Mlango ukafunguka waa, bibi hajagusa kitu.

"Eeh! Mutu anaingia na sijamujibu? Hii iko nyumba ya wezi!"

Nilikuwa nimeweka OU! Moyo ukadunda hadi kuku wakadhani natwanga. Alama ya bateri ikawa nyekundu. Nikang'oa OU, nikapachika ET, jasho linatiririka kama mto Lualaba. Mgeni akabisha tena. Mlango kimya. Nikamwonyesha bibi kitufe chake. Akakunja mikono.

"Bibi, bonyeza! Moto wa bateri unaisha!"

"Namujibu nani? Jina sijui, mutoto wa nani sijui. Mimi sifungulii hodi tupu."

"Ana haki," mwalimu akasema. "Harakisha."

Nikaongeza kitufe cha jina na ukoo, na waya ya tatu. Kioo kikafifia. Hodi: ikawaka. Jina: ikawaka. Bibi akainama, akamchungua yule mgeni mwenye kichwa cha mraba kana kwamba anatafuta sura ya shangazi. Kidole chake cha kijani cha sombe kikashuka taratibu.

"Karibu, mwanangu."

Mlango ukafunguka, na kioo kikazima papo hapo.

Kisha bibi akasema, "Kesho sombe utatwanga asubuhi. Mchana uende kwa mwalimu. Huyo mugeni hajapewa kiti."

Kwenye kichezeo nilimpa kiti, maji ya kunawa, hata mbuzi mzima. Mashine ile ilikufa zamani, kinu kimepasuka, na bibi tumemzika. Mimi nimepata diploma ya masomo ya jioni, lakini kichezeo kile sijakiona tena popote.

Juzi jirani alinipa ufunguo wa mlango wa bibi. Sikuutoa mfukoni. Nikabisha hodi. Nikataja jina langu, nikasema mimi ni mtoto wa nani. Waya mbili zikawaka, nikabaki pale nikingoja ya tatu.