Misumari Mdomoni mwa Baruti

Saa moja asubuhi, fundi makochi ambaye mtaa mzima unamwita Baruti ameshapiga magoti nyuma ya kochi lililovuliwa kitambaa. Midomo yake imebana misumari midogo. Anaichomoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye mbao. Mke wake, anayeshona vitambaa vya makochi hayo, anamwita kutoka mlango wa chumba cha nyuma.

Baruti anaweka nyundo chini. Anatema misumari yote kwenye kibakuli, anafuta mdomo, anageuka.

"Nakusikiliza, mama watoto."

Mgeni wa mtaa atapita zake bila kuona ajabu. Majirani husimama kutazama, maana jina la Baruti hakulipata kwa upole.

Kipimo kikikosewa, aliwaka. Uzi ukikatika, aliwaka. Hajawahi kumwinulia mkewe mkono, na wote wawili wanalisema hilo waziwazi. Ila ulimi wake ulichoma. Mwaka jana mke alibeba cherehani yake kutoka karakana akahamia chumba cha nyuma.

"Nilimwambia nikihama tena, naenda kwa dada yangu, na sirudi," anasema mama huyo.

Ndipo fundi alipojiunga na darasa la afya ya mahusiano katika ukumbi wa mtaa. Wenzake kijiweni walimcheka: mzee mzima anakwenda kufundishwa kuongea!

Somo la kwanza tu likampanda kichwani. Alirudi, akamsimamisha mkewe mbele ya mteja, akaanza kumchambua: hasira hizi umerithi kwa mama yako, kununa huku kuna jina lake.

"Nikamuuliza, umeenda kusoma tabia zako au zangu?" anakumbuka mke. Mteja alicheka mpaka akajitupa kwenye kochi lisilo na springi. Mke hakucheka. Alirudi chumbani akafunga mlango kwa komeo.

Mshauri wa darasa, mama asiye na papara, alimrudisha fundi kwenye mstari. "Usianze na kidonda kikubwa. Chagua jambo dogo, tena lako mwenyewe. Mwombe mwenzako ridhaa, akikataa, acha. Ukimaliza, kaa ujiulize umejifunza nini. Na palipo na kipigo au woga, hapo si pa mazoezi. Hapo tafuta msaada."

Baruti akachagua misumari. Mkewe akianza kuongea, yeye angeijaza mdomoni. "Mwenye misumari mdomoni atafokaje?" anauliza, akicheka mwenyewe. Mke alikubali kwa wiki moja, hofu yake ikiwa ni mume kupaliwa.

Wiki ilipokwisha, Baruti aliuliza matokeo, kifua mbele.

"Ulikuwa kimya, ndiyo," mke alimjibu. "Lakini macho yalikuwa yanagongomea. Ulikuwa unanisubiri nimalize, baba watoto. Hukuwa unanisikiliza."

"Iliniuma sana," anakiri fundi. "Nikatoka, nikazunguka mtaa hadi nikapoa. Niliporudi nikamwambia, umesema kweli."

Tangu hapo mkewe akiongea misumari hutoka mdomoni, na kabla ya kujibu Baruti hurudia kwanza alichosikia. Si malaika. Majuzi zipu ilichanika akawaka, kisha mbele ya wateja wawili akasema, "Nimekosea, naomba nianze upya." Kwa mwanaume wa umri wake, mbele za watu, hilo linataka moyo.

Cherehani nayo imeanza kusogea. Sasa iko kizingitini, nusu ndani ya karakana, nusu nje.

"Mlangoni kwanza," anasema mke, akikata uzi kwa meno. "Huko ndani nitaingia mwenyewe nikitaka."

Pembeni ya dirisha, ilipokuwa cherehani zamani, pako wazi. Magodoro ya makochi yamerundikwa hadi darini kwingineko, na mteja akitaka kuweka mzigo pale, Baruti humzuia.

"Natamani arudi, siwezi kukuficha," anasema. "Lakini simwiti. Siku akiamua, asikute vumbi."

Anasimama, anachukua ufagio.