Gofu ya Uani

Uwanja wa gofu wa Wazungu wa Kasongo ulikuwa na mashimo sita tu, na majani yake tuliyakata watu watatu kwa kupekupe, yale mapanga marefu yaliyopindwa ncha. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani bali mchanga, na mimi ndiye niliyeufagia kila wachezaji walipopita. Alasiri, daktari wa hospitali alipofika, niliweka kupekupe chini nikambebea mfuko wake wa fimbo.

Sisi tulimwita Munganga. Alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache, na alikaa peke yake katika nyumba ya matofali. Gofu hakuiweza. Kwa kuwa nilisimama nyuma yake miaka mingi, nilianza kujua mpira utapotea kabla hajaupiga. Siku moja alipiga vibaya mara tatu mfululizo, akageuka akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza anione.

“Leo nakosa wapi?” akauliza.

“Bwana, unainua kichwa.”

Mpira uliofuata ulinyooka. Tangu siku ile aliniuliza baada ya kila pigo, nami nilimjibu. Lakini kushika fimbo mimi mwenyewe na kupiga, hilo halikuwepo. Hapakuwa na kibao kilichoandikwa, hapakuhitajika kibao.

Sikutamani mchezo wao. Wala sikutamani kukaa kwenye baraza lao na kunywa. Nilitamani kujua mwilini kitu nilichokuwa nakijua kwa macho tu. Basi nilikata tawi la mpera lililokuwa na goti upande mmoja, nikalikausha juu ya moto wa jikoni, nikalifunga waya kwenye goti ili liwe na uzito. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilisimama uani kwangu nikazungusha fimbo ile hewani. Majirani walisema kazi ya Wazungu imenipanda kichwani. Mke wangu, aliyezaliwa pale pale Kasongo na anayejua kunyamaza, aliniangalia siku kadhaa, kisha akaniambia nisogee mbali na mtungi wa maji.

Mama yangu aliishi nasi. Alitoka kwetu, upande wa Wamaza, baba alipofariki, akafika na mchi wake mwenyewe na ungo wake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Aliniona nikizungusha fimbo, akaendelea kutwanga.

Baada ya miezi kadhaa, kukata hewa hakukunitosha tena. Nilitaka kusikia mlio. Kando ya kijito nilijua mahali penye mtambaa wa mpira wa porini. Nikaukwaruza, nikakusanya utomvu, nikauacha ugande, nikauvuta nyuzi nyuzi na kuzifinyanga mpaka nikapata kibonge kama limau dogo. Nilirudi nacho nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto.

Mama alikuwa anapepeta mpunga. “Kile kitu gani?”

“Mupira, mama. Nimeutengeneza mwenyewe.”

“Lete.”

Nilimnyooshea. Hakuushika. Aliinama akaunusa, kisha akaweka ungo chini, mpunga ukamwagika nusu, akaingia ndani. Jioni hakula. Mke wangu alimpelekea uji akaurudisha kama ulivyokuwa.

Kesho yake aliniita, akaniketisha kwenye mkeka. Alianza kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, na sauti yake haikupanda hata mara moja.

“Wakati wa mupira, Wazungu walipotutoza utomvu kwa nguvu, wewe hukuwa umezaliwa. Baba yangu alikuwa anaingia porini siku nane, siku kumi. Chombo hakuna. Utomvu walijipaka mwilini, mikononi, kifuani, ukauke pale pale. Akirudi, sisi watoto tulimbandua. Unatoka pamoja na vinyweleo, mahali pengine unatoka na ngozi. Mimi kazi yangu ilikuwa mkono wa kushoto. Kikapu kisipojaa, askari wa Wazungu walichukua wanawake. Mama yetu walimfungia ndani ya nyumba na wenzake, akiwa na mtoto mgongoni, bado ananyonya. Siku waliyomfungulia, alitoka bila mtoto.”

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na hilo sikuwahi kulisikia. Sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa na mdogo wake aliyekufa ndani ya nyumba ile.

“Mtoto huyo aliitwa nani?” niliuliza.

Alinitajia jina. Kisha akasema, “Na leo munauita muchezo. Jina ni moja tu, mupira na mupira.”

Nilichimba shimo nyuma ya migomba nikakizika kile kibonge. Fimbo nikaisimamisha ukutani. Kazini niliendelea kumbebea Munganga mfuko wake, lakini kila aliponipa mpira wake mweupe niufute matope, nilikuwa nausogeza puani bila kutaka. Haukunuka kitu. Ulinuka sabuni.

Miezi miwili hivi ikapita. Asubuhi moja, wakati wa mavuno, mama alinikuta uani nimesimama mikono mitupu, nikigeuza kiuno polepole. Nilidhani bado amelala.

“Fimbo yako iko wapi?”

“Niliacha, mama.”

“Mimi nilikataza mupira. Fimbo sikuikataza.” Aliingia jikoni akatoka na gunzi la muhindi, akanitupia miguuni. “Piga hili.”

Nikalipiga. Lilirukaruka likaangukia karibu na mlango wa banda la kuku. Mama akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akanitazama kama anavyomtazama binti anayejifunza kutwanga.

“Unapiga na mikono,” akasema. “Mikono ni ya kushika tu. Ukitwanga na mikono, kinu kikiwa nusu umechoka. Muchi unatoka mugongoni. Na kichwa chako kinakimbia kwenda kuangalia gunzi limeanguka wapi, na gunzi bado liko chini.”

Nilicheka kwa sababu ni maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia Munganga. Nilikuwa nayajua yote, na mwili wangu haukujua hata moja.

Hivyo ndivyo gofu ya uani ilivyoanza kwa kweli. Mama alinisimamisha mbele ya ukuta jua likiwa mgongoni kwangu, kivuli cha kichwa changu kikaangukia ufa mmoja wa udongo. “Zungusha. Kivuli kikitoka kwenye ufa, anza upya.” Asubuhi nyingi sikupiga kitu chochote, nilianza upya tu. Mke wangu naye akaleta lake. Alichota jivu jikoni akachora mstari ardhini, mahali ambapo mpira ungekaa. Nikipiga, jivu lilionyesha fimbo imegusa chini kabla ya mstari au baada yake, na hapakuwa na haja ya kubishana. Alinishonea pia vibonge vya vitambaa vya kitenge kilichochakaa, akavijaza pumba za mpunga na mchanga kidogo.

Kibonge kimoja kiliruka ua kikatua kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ya jirani. Alikuja nacho mkononi kikichuruzika mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na alikuwa na haki ya kusema yote aliyosema. Baada ya hapo mke wangu alimtuma ndugu yake wa Nyangwe, mvuvi, akatuletea wavu ulioharibika usiofaa tena mtoni. Tuliutundika kati ya miti miwili. Niliweza kupiga kwa nguvu zangu zote, na kila kibonge kilinaswa kikaanguka chini kama ndege aliyechoka.

Sikutumia kitu cha kununua. Miaka mitatu niliendelea hivyo, isipokuwa siku za mvua kubwa. Mama alikaa juu ya kinu. Siku nyingine alisema neno moja tu, “Kiuno.” Kuhusu mdogo wake alinisimulia mara chache, kidogo kidogo, katikati ya mapigo, macho yake yakiwa kwenye ungo.

Kisha ikafika siku ambayo Wazungu wengi walikwenda mtoni kumpokea mkubwa wao. Munganga alibaki. Alfajiri ile alikuwa amefiwa na mgonjwa, mwanamke aliyeshindwa kujifungua, na alicheza kama mtu anayetembea usingizini. Kwenye shimo la nne alikaa chini, kwenye majani, akaninyooshea fimbo.

“Piga wewe.”

“Mimi, Bwana?”

“Hakuna mtu hapa.”

Niliushika ule mpini wa chuma, mwepesi kuliko mpera wangu. Niliweka mpira. Nilitafuta ufa wa ukuta, na hapakuwa na ukuta, basi nikachagua jani moja. Nilipopiga nilisikia ule mlio, na niliusikia mpaka kwenye meno. Sikuinua kichwa. Niliendelea kuliangalia jani. Munganga ndiye aliyeguna, na nilipotazama, mpira ulikuwa bado uko juu, mdogo, ukielekea mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

“Nani alikufundisha?”

“Mama yangu.”

Alicheka, akaniona sicheki, akaacha. Nikamweleza kuhusu ukuta, jivu, magunzi na wavu. Alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Habari ya kile kibonge nilichozika sikumwambia.

Tulidhani hakuna mtu. Kumbe barabarani gari moja lilikuwa limesimama. Siku mbili baadaye Mzungu msimamizi wa uwanja aliniita kwenye baraza. Wengine watano walikuwa wamekaa, Munganga mmoja wao.

“Ulipiga mpira kwenye shimo la nne. Nani alikupa ruhusa?”

Nilimwangalia Munganga. Yeye aliangalia ndani ya gilasi yake. Nilingoja. Nilimpa muda wa kutosha, kwa sababu nilitaka aseme yeye mwenyewe, si mimi nimseme.

“Hakuna aliyenipa,” nikajibu.

Waliniambia nirudishe kupekupe na nisikanyage tena pale. Sikupigwa. Wenzangu wawili waliniambia nishukuru kwamba sikupigwa, na kweli nilishukuru, na shukrani hiyo ilinichoma kuliko kitu chochote.

Nyumbani mama aliniuliza, “Na mupira wenyewe, uliupiga vizuri?”

“Ndiyo, mama.”

“Kichwa?”

“Hakikutoka.”

“Basi,” akasema, akaendelea kuchagua mawe kwenye mpunga.

Mvua zilizofuata zilimshika mama kifuani. Siku ya kwanza tulimpa dawa za majani. Siku ya tatu alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba mzigo mlimani. Mke wangu akaniambia, “Nenda kamuite Munganga.”

“Siwezi.”

“Ni mama yako anayelala pale, si wewe. Nenda.”

Nilikwenda. Sikumwambia Munganga neno zaidi ya “Mama yangu anaumwa.” Alichukua mkoba wake akanifuata kwa miguu, katika matope. Alipoingia uani alisimama kidogo. Aliuona wavu. Aliona ufa wa ukuta na mstari wa jivu ambao mvua ilikuwa imeufuta nusu. Kisha akainama akaingia ndani.

Siku tano alikuja na sindano, asubuhi na jioni. Siku ya tano mama alikuwa na nguvu ya kusema. Alimtazama Munganga, akaniuliza kwa Kibangubangu, “Ndiye yule anayeinua kichwa?”

“Ndiye.”

“Alipiga kelele walipokufukuza?”

“Hapana, mama.”

Alifumba macho. Munganga aliniuliza mama anasema nini. Kabla sijatafuta la kujibu, mama akasema, “Mwambie asante kwa sindano.” Hilo nilimtafsiria.

Alifariki siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wangu. Tulimzika pale Kasongo kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa imekatwa na maji. Nilisema majina ya wazazi wake juu ya kaburi, na jina la yule mtoto nalo nikalisema. Watu hawakujua ni nani, na hakuna aliyeuliza.

Munganga alikuja baada ya matanga, akasimama uani akiwa ameshika kofia.

“Siku ile nilipaswa kusema,” alisema.

“Ndiyo, Bwana.”

Alingoja nimsaidie. Sikumsaidia.

“Nitaongea nao. Wanaweza kukurudisha kazini.”

“Hapana.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akaondoka. Baadaye nilisikia amehamishwa mbali. Mpaka leo sijajua kama nilimchukia. Alimpa mama yangu siku tano ambazo asingezipata, na mimi alininyima neno moja. Nimejaribu kuvipima viwili hivyo na havikubali kukaa kwenye mizani moja.

Barabara ilipokauka tulifunga mizigo tukaenda Wamaza, mimi, mke wangu na watoto. Shangazi yake mama, mzee sana, alikuwa bado hai. Alitukaribisha, akanitaka nimsimulie mwisho wa mama, yote, bila kuruka. Nilimsimulia ugonjwa, sindano, mazishi. Nilipofika kwenye miaka yetu ya asubuhi pale uani nilikwama. Kwa Kibangubangu sikulipata neno la kuanzia. Mwisho nilimwambia kwamba mama na mimi tulikuwa tunafanya kazi pamoja kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.

“Hiyo ni vizuri,” akasema mzee. Akainuka kwa shida, akatuonyesha mahali pa kulala watoto.