Chungu Kimoja, Mimea Minne

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, Bernadine Royer alimpigia simu konstebo wa mji wetu saa moja na nusu asubuhi. Konstebo alifika saa tatu kasoro dakika kumi, akaondoka saa tatu na robo. Katika muda huo mfupi Bernadine alishindwa kesi aliyoifungua mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Zaidi ya nusu ya umri huo aliumaliza akikamua ng'ombe katika milima hii ya kaskazini mwa Vermont, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Tangu jimbo liwaruhusu watu wazima kupanda bangi nyumbani, mwaka uliotangulia, alikuwa akipanda mimea miwili nyuma ya nyumba, ndani ya kizimba cha mbao chenye kufuli, kama sheria inavyotaka. Maua yake aliyachemsha katika mafuta ya nguruwe, akapata marhamu ya kujipaka kila alfajiri. Bila marhamu hiyo hakuweza kufunga kifungo cha gauni. Hakuvuta hata mara moja. Wavutaji aliwadharau kama alivyowadharau wavivu, na hakuona tofauti kati yao.

Upande wa pili wa nyumba hiyohiyo aliishi mdogo wake, Clovis. Mwaka 1978 Bernadine alikuta mibangi ya Clovis katikati ya mahindi ya baba yao, akamripoti polisi. Clovis alikaa jela miezi minne, na aliporudi hawakusemezana tena ila kwa lazima. Baba, alipokaribia kufa, aliwafunga pamoja kwa namna ambayo wazee wa huku walizoea kuwafunga watoto wao. Jiko lilikuwa la Bernadine, naye alipaswa kumlisha Clovis milo mitatu maadamu anaishi pale. Msitu ulikuwa wa Clovis, naye alipaswa kumletea dada yake kuni za kumtosha majira yote ya baridi. Kila mtu hapa kwetu aliyajua masharti hayo. Kwa miaka thelathini na minane mlango wa kati, ule uliotenganisha pande zao, ulifunguliwa, sahani ikapita, ukafungwa.

Mwaka huo wa 2019 Clovis naye alipanda mimea miwili, ubavuni mwa kizimba cha dada yake. Ikarefuka hata ikainyima ya Bernadine jua la asubuhi. Ndipo alipopiga simu.

"Ing'oe hii miwili," alimwambia konstebo, Merle Hodgdon, mtu mnene aliyeupanda mteremko ule bila furaha. "Huyu hana nyumba. Nyumba ni jiko, na jiko ni langu. Yeye ni mla tu."

Clovis alikuwa amekaa juu ya gogo akinoa shoka. "Mwulize leo anapika nini, Merle. Kama ni maharagwe, nikamate sasa hivi."

"Anakula kwako?" konstebo akamwuliza Bernadine.

"Tangu baba afe. Milo mitatu, na asante sijaisikia."

"Utaisikia siku utakapotia chumvi," alisema Clovis.

Konstebo alivua kofia, akaitazama mimea mmoja baada ya mwingine. "Bibi Bernadine, sheria haihesabu watu. Inahesabu kaya. Mimea miwili iliyokomaa kwa kaya moja, muwe wawili au muwe kumi. Umeniambia mwenyewe kwamba mnakula chungu kimoja. Basi ninyi ni kaya moja, na mimi naona minne."

"Miwili ni yake."

"Ni ya kaya. Chagueni itakayotoka. Nitarudi Jumamosi ijayo. Nikikuta zaidi ya miwili, napeleka taarifa yenye majina yote mawili."

Clovis alicheka mpaka akakohoa. "Safari hii tutakwenda wote, dada. Nitakuonyesha kitanda kisicho na kunguni."

Maua yalihitaji wiki mbili zaidi. Kuyakata wakati ule kulikuwa sawa na kuyatupa. Jioni, Clovis alipofungua mlango wa kati kuchukua sahani, Bernadine aliishikilia.

"Kata yako."

"Mwaka sabini na nane ulinikatia yangu. Sasa zamu ni yako."

"Ulistahili."

"Basi na wewe unastahili. Achia sahani, chakula kinapoa."

Jumatatu Bernadine aliniita mimi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nina leseni ya umeme ya mwaka mmoja, na nyumba yetu ipo chini ya kilima chao. Alitaka jiko la umeme upande wa Clovis, liwake kabla ya Jumamosi. Clovis alikwishakuwa na mlango wake wa nje, bomba lake na choo chake. Kilichomfanya awe mtu wa nyumba ya dada yake kilikuwa sahani ile tu.

Nilivuta waya kutoka swichi kuu, nikaupitisha chini ya sakafu. Alhamisi jiko liliwaka. Clovis aliingia na buti zenye matope, akasimama mbele ya jiko hilo.

"Binti, hiki ni nini?" aliniuliza.

"Jiko."

"Macho ninayo. La nani?"

Bernadine alijibu kutoka mlango wa kati. "Lako. Sasa na wewe ni kaya. Pika."

"Kwa hiyo hunilishi tena."

"Sikulishi."

Clovis alitikisa kichwa polepole. "Baba alisema chakula kwa kuni. Chakula kimekwisha."

Niliacha kukaza skrubu. Bernadine aligeuka akalitazama jiko lake la chuma, lile lililopikia familia na kuipasha joto tangu enzi za bibi yao. Ndani yake liliwaka gogo lililopasuliwa na Clovis. Nadhani hapo ndipo alipoliona jambo zima. Bado alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma: kukata mimea miwili na kupitisha sahani jioni ile.

"Sikukuomba kuni," alisema.

"Utaomba Januari."

"Nitakufa kwanza."

"Lolote litakalotangulia."

Clovis alifunga mlango, akaupigilia misumari kutoka upande wake. Mimi nilizunguka kwa nje kwenda kuchukua vifaa vyangu jikoni, nikamkuta Bernadine akipigilia yake kutoka upande wa pili. Nyundo aliishika kwa mikono miwili, na misumari mingi ilipinda. Nilinyoosha mkono nimsaidie.

"Wewe uliitwa kwa ajili ya waya," aliniambia.

Jumamosi konstebo aliwasha jiko la Clovis, akaweka kiganja juu ya bamba lake la kupikia mpaka joto likamwondoa. Akausukuma mlango wa kati kutoka pande zote mbili, haukufunguka, akasema, "Kaya mbili, mimea minne. Halali." Hakumpongeza mtu. Wiki moja baadaye Bernadine alivuna, akapata marhamu ya kumtosha mwaka mzima.

Januari hakuomba. Alinunua kuni kwa mfanyabiashara wa bondeni, zikaja mbichi, zikatoa moshi kuliko moto. Upande wa pili wa ukuta kuni kavu zilikuwa zimepangwa hadi dirishani, na Clovis alikuwa akila vyakula vya mkebe, kwa kuwa kila alichokiweka juu ya jiko la umeme kiliungua. Mwezi wa Machi Bernadine, akiwa amechoshwa na moshi, alilifungua jiko lake la chuma kipande kipande, akaliuza kwa dalali wa vyombo vikuukuu.

Septemba 2020 mimea ilikuwa minne tena, miwili ya kila mmoja, na konstebo hakuwa na la kusema. Mwezi huo Bernadine aliniita nimfungie kipasha joto cha umeme jikoni. Nilipokuwa nikipima ukuta tulisikia, upande wa Clovis, kifuniko kizito cha chuma kikifunuliwa na gogo likitumbukizwa. Bernadine aliijua sauti ile kabla yangu. Dalali alikuwa amemwuzia Clovis jiko lilelile la chuma.