Anayesikiliza mabomba ya nyumba sitini na nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlinzi wa geti anafungua pochi ya mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Koki. Anatoa leso, miwani ya kusomea, kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi. Anarudisha kimoja kimoja bila kumtazama usoni.

"Samahani, mama. Ni amri ya kamati."

"Kagua tu, mwanangu. Huenda nimeficha pipa la maji humo."

Mlinzi anataka kucheka. Anainua macho kwenye kamera iliyo juu ya geti, anaacha.

Mama Koki ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka tisa sasa ni fundi wa maji wa mtaa huu wenye nyumba sitini na nne, chini ya chama cha wamiliki wa nyumba. Kisima ni kimoja, cha wote. Asubuhi anawafungulia maji watu wa Mtaa wa Juu, jioni watu wa Mtaa wa Chini. Muda wote huo hakuna aliyejali pochi yake ina nini, mpaka mwezi uliopita Mtaa wa Juu ulipokauka.

Wiki tatu mfululizo mabomba ya juu yalitoa maji membamba kama uzi, huku watu wa chini wakiosha magari yao kama kawaida. Minong'ono ikaanza. Mama Koki amepewa kitu kidogo na watu wa chini. Mama Koki anawauzia maji wajenzi nje ya geti. Kwenye kundi la simu la wenye nyumba mtu akatuma picha yake akiwa amebeba dumu. Lilikuwa na mchanga wa kuzibia ufa wa tangi.

"Nilivyoiangalia ile picha," anasema, "hata mimi nilijishuku."

Aliyemshuku kuliko wote ni mwalimu mstaafu wa nyumba namba thelathini na moja, Mtaa wa Juu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Haoni haya kulisema.

"Sina ubaya naye. Lakini funguo za maji anazo yeye peke yake. Sasa nimshuku nani, paka?"

Kamati ikaitisha mkutano wa Jumamosi, saa kumi jioni, wenye ajenda moja: Mama Koki abaki au aondoke.

Yeye hakulala vizuri wiki ile. Amepanga vyumba viwili mtaa wa jirani, anaishi na mama yake mzee ambaye macho yake yameishiwa nguvu. Binti yake yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Kazi hii ndiyo inayowaweka mjini wote watatu.

"Binti alinipigia simu, akaniambia, mama, waambie wakupeleke eksirei wakaone kama umeyameza hayo maji." Anacheka, kisha anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, alichukua nondo yake. Ni kipande cha chuma kirefu kama fimbo ya kutembelea, ncha moja imezungushiwa kitambaa. Ncha ya chini huigusisha kwenye bomba, ya juu huiweka sikioni. Alifundishwa na fundi mzee aliyemtangulia.

"Bomba likiwa limejaa, linanyamaza. Maji yakibanwa mahali, yanafoka, kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa pupa."

Alianza nyumba ya kwanza ya Mtaa wa Juu, akipita mita ya maji moja hadi nyingine. Mapazia yakawa yanasogea. Mzee mmoja alitoka na kandambili.

"Unasikiliza nini kwenye ukuta wangu?"

"Maji, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Maji hayaongei. Sogea hapo."

Akasogea. Nyumba ya ishirini na nane, mlio mdogo. Ya thelathini, mkubwa zaidi. Mbele ya geti la Mwalimu, nondo ilimfokea sikioni mpaka akaitoa. Alipoangalia chini hakuona mfuniko wowote. Palikuwa na vitofali vipya vya pevingi, vimepangwa sawasawa, vimefagiliwa.

Hapo ndipo alipoikumbuka barua ya chama. Miezi miwili nyuma, kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kila mwenye nyumba aliagizwa kusakafia mbele ya geti lake, kwa kuwa eneo hilo ni jukumu lake. Barua ilisisitiza kwamba pasionekane shimo wala mfuniko. Wenye nyumba wakatii. Walifunika mashimo, wakafunika na chemba zenye vali za kufungia na kufungulia maji. Kwa muda hakuna aliyehisi kitu, kwa sababu mvua zilikuwa zinanyesha na matangi ya majumbani yalikuwa yamejaa.

Aligonga geti.

"Mwalimu, naomba nitoe vitofali sita."

"Vitofali vyangu vimekukosea nini?"

"Chini yake kuna vali."

"Umeijuaje?"

"Nimeisikia."

Mwalimu alimpigia simu mwenyekiti, akampigia na katibu, akaleta kiti na kukaa hatua mbili kutoka kwenye patasi ya Mama Koki. "Ukivunja hata kimoja, unakirudishia."

Havikuvunjika. Chini yake palikuwa na mfuniko, na chini ya mfuniko vali kuu ya Mtaa wa Juu, iliyofungwa zaidi ya nusu, mpini wake umegandiwa na saruji. Mama Koki aliibandua saruji taratibu, akauzungusha mpini mara tisa. Baada ya muda, matangi ya Mtaa wa Juu yakaanza kuguruma moja baada ya jingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama kwenye mageti yao wakisikiliza, kisha sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma, "Na kama si yeye aliyeifunga, amejuaje ipo hapo?"

Katibu alimpigia simu fundi aliyepanga vitofali, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Fundi akakiri: alipokuwa anachimba palikuwa panavuja, akaibana vali ili afanye kazi pakavu, halafu akasahau kuifungua.

"Mafundi hao," mzee wa kandambili akasema. "Wanalindana."

Jumamosi walipiga kura. Ishirini na mbili walitaka abaki, kumi na tisa aondoke. Alipewa miezi mitatu ya uangalizi, na pochi yake itaendelea kukaguliwa. Mwenyekiti, mtu wa maneno machache, alimfuata nje baada ya mkutano. "Ile saruji kwenye mpini ilinitosha mimi kama ushahidi," alimwambia. "Lakini kura yangu ni moja."

Mama Koki hakubishana. Alinunua karatasi kubwa ya kuchorea, akachora mitaa yote miwili na chemba zake kumi na moja. Saba zilikuwa zimefunikwa. Sasa anapita nyumba hadi nyumba. Anamwita mwenye nyumba nje, anamwonyesha chemba iliyo karibu na geti lake, anamfundisha kufunga na kufungua, kisha anaomba saini pembeni ya mchoro. Nyumba thelathini na nane zimeshasaini. Mwalimu bado. Amesema atasaini akishaikagua chemba yake mwenyewe, mchana, jua likiwa kali.

Anataka mchoro huo ubandikwe ukutani ofisi ya chama kabla miezi mitatu haijaisha, na nakala ya ufunguo wa chemba ikae kwa watu wawili wa kila mtaa. Anapoulizwa kama haogopi kugawa kazi yake kwa watu wanaotaka aondoke, anakunja karatasi yake kwanza, pembe kwa pembe.

"Yatakauka tena tu, mabomba ni ya zamani," anasema. "Nataka siku hiyo tuwe wengi wa kushukiwa."